Je, kondoo afurahie kuwa na mchungaji?

SWALI: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni mfugaji mdogo huku Handeni, nina mbuzi na kondoo wapatao 40. Jumapili iliyopita tulisoma Zaburi ya 23, 'Bwana ndiye mchungaji wangu', kanisa zima likaitikia amina. Mimi nilinyamaza. Kondoo nawajua, na najua kwa nini nawachunga. Pasaka na Idi bei ikipanda nawapeleka mnadani, na waendao mnadani harudi hata mmoja zizini. Yupo jike mzee mmoja tu ambaye simuuzi, hata mke wangu ananicheka. Sasa mwalimu, ukiwa wewe ndiye kondoo, kuwa na mchungaji ni habari njema kweli? Mungu anatunenepesha ili iweje?"

JIBU

Marahaba, mwanangu. Nimefundisha Agano la Kale hapa Tanga miaka mingi, na swali hili sijaulizwa na mwanafunzi hata mmoja. Nadhani ni kwa sababu wengi wao walikuwa watoto wa mjini. Kondoo wanamjua kwa pilau.

Kwanza usidhani umekufuru. Zaburi ya 44 ilikwishauliza kabla yako, tena kwa ukali zaidi. Waimbaji wake wanamwambia Mungu waziwazi kwamba amewatoa kama kondoo wa kuliwa, kwamba amewauza watu wake wala hakupata faida kwa bei aliyowauzia. Hiyo ni lugha ya mnadani kabisa. Aliyeitunga alimjua dalali. Na hakuna aliyeifuta. Imo ndani ya kitabu kilekile chenye Zaburi ya 23, kurasa chache mbele.

Sasa tuanze na kondoo mwenyewe, maana hapo ndipo wewe na Daudi mnapopishana. Kondoo wako wa Handeni ana nywele fupi kama za mbuzi, hata mgeni huwatofautisha kwa mkia: wa mbuzi umesimama, wa kondoo umening'inia. Huyo akupe nini zaidi ya wana, nyama na ngozi? Kondoo wa Daudi alikuwa na sufu. (Sufu, si sufi. Sufi ni ile ya misufi, tunayojazia mito.) Sufu hukatwa, ikaota tena, ikakatwa tena mwaka unaofuata. Kondoo wa namna hiyo akifa leo umepata nyama ya siku mbili na umepoteza nguo za miaka. Mesha mfalme wa Moabu alipokuwa chini ya Israeli, kodi yake katika 2 Wafalme 3:4 inatajwa kwa wana-kondoo 100,000 na kondoo waume 100,000, na habari yenyewe ni sufu. Fungua pia Mithali 27:23-27, kifungu kinachomhimiza mfugaji ajue hali ya makundi yake. Kinataja faida tatu: wana-kondoo kwa mavazi, mbuzi kwa bei ya shamba, na maziwa kwa chakula cha nyumbani. Kuchinja hakumo. Kuuza kumo, sikufichi, lakini kisu hakikutajwa.

Kwa hiyo mtu wa Bethlehemu aliposikia neno "mchungaji", picha ya kwanza iliyomjia haikuwa mtu anayenenepesha. Ilikuwa mtu anayekaa na wanyama walewale miaka, akiwajua mmoja mmoja, na faida yake ni wao kuendelea kuwa hai. Ndiyo maana nabii Nathani, katika 2 Samweli 12, anaweza kusimulia habari ya maskini mwenye jike mmoja mdogo wa kondoo, aliyekula tonge lake, akanywea kikombe chake na kulala kifuani pake, akawa kwake kama binti; na Daudi, aliyekulia malishoni, hashangai hata kidogo. Anachokasirikia ni tajiri yule aliyekuwa na makundi yake tele, naye akamchukua jike wa maskini akamchinjia mgeni. Mkeo asome mstari wa 3 wa sura hiyo kabla hajakucheka tena.

Lakini nisikudanganye kwa sufu. Israeli walichinja. Pasaka ya Kutoka 12 ni mwana-kondoo, kila nyumba, na damu ikapakwa milangoni. Hekaluni walichinja asubuhi na jioni. Hivyo sufu inapunguza makali ya swali lako, hailiondoi. Nalitunza, tutalirudia.

Jambo la pili ambalo wewe unalijua na mimi nimelisoma tu: kuna mwenye mali na kuna kijana wa kuchunga. Huyo kijana huamka kabla ya jua, hupigwa na mvua, na jioni akirudi pungufu mmoja ana kesi ya kujibu. Torati iliweka utaratibu wa kesi hiyo. Kutoka 22:10-13 inasema mnyama akiibwa kwa mtu aliyekabidhiwa, atalipa. Lakini akiraruliwa na mnyama mwitu, alete mabaki yawe ushahidi, hatalipa. Ukiisha kuielewa sheria hiyo, utaelewa mstari mmoja wa Amosi ambao watu huuhubiri vibaya. Amosi 3:12 yasema Israeli watapona kama vile mchungaji anavyopokonya kinywani mwa simba miguu miwili au kipande cha sikio. Nimesikia mahubiri yakimsifu mchungaji shujaa anayeokoa hata sikio. Hapana. Sikio si kondoo. Sikio ni la kumwonyesha mwenye mali kwamba aliliwa kweli. Amosi anawaambia watu wa Samaria: kitakachobaki kwenu ni ushahidi kwamba mlikuwepo.

Na sasa mtazame Yakobo. Alimchungia mjomba wake Labani miaka 20, na siku ya kuachana walipogombana anamwambia (Mwanzo 31:38-40): walioraruliwa sikukuletea, hasara niliibeba mwenyewe, aliyeibwa mchana, aliyeibwa usiku, ulinidai mimi, jua mchana, baridi usiku, usingizi ukanikimbia. Yaani alikuwa na haki ya kuleta sikio akaepuka kulipa, naye hakuleta. Mtu huyo, aliyekula jua hilo, anapokuwa kizee wa miaka 147, kitandani, akiwabariki wana wa Yusufu, ndiye wa kwanza katika Biblia nzima kumwita Mungu mchungaji wa maisha yake: Mungu aliyenilisha maisha yangu yote hata leo (Mwanzo 48:15). Neno la Kiebrania hapo ni *ro'e*, mlishaji, mpeleka malishoni. Siamini kwamba Yakobo alikuwa anawaza majani mabichi. Alikuwa anawaza hasara, na nani aliyeibeba.

Sasa tuingie mahali pazito. Neno hilo *ro'e* lina ndugu yake wa Kiarabu, *rai*, mchunga, na Kiarabu kikatuletea Pwani neno tunalolitumia kila siku bila kulikagua: raia. Asili yake ni kundi linalochungwa. Kitambulisho chako kinaposema wewe ni raia, kwa asili ya neno kinasema wewe ni kondoo wa mtu. Majirani zetu Waislamu wa Ngamiani wanaijua vizuri hadithi ya Mtume kwamba kila mmoja wenu ni mchunga, na kila mmoja ataulizwa juu ya alichokichunga. Mashariki yote ya kale ilisema hivyo juu ya wafalme. Hammurabi wa Babeli, karne ya 18 kabla ya Kristo, anajiita mchungaji katika utangulizi wa sheria zake. Katika Biblia Daudi anaambiwa atawalisha Israeli (2 Samweli 5:2), na hata Koreshi, mfalme wa Uajemi asiyemjua Bwana, anaitwa na Bwana "mchungaji wangu" katika Isaya 44:28. Basi Daudi asemapo "Bwana ndiye mchungaji wangu", anatamka jambo la kiutawala. Mfalme mwenyewe anasema: mimi pia ni raia, na anayenitawala si mimi.

Hapo ndipo Ezekieli 34 inapokuja, na kama ukinisikiliza kwa moja tu, nisikilize kwa hii. Sura ya 33 inaeleza jinsi mtu aliyekimbia alivyowafikia mateka huko Babeli na habari kwamba Yerusalemu umepigwa. Mji ulianguka mwaka 586 au 587 kabla ya Kristo. Mfalme wake Sedekia aliona wanawe wakiuawa, kisha akapofushwa. Watu wanakaa ugenini wakiuliza, nani katufikisha hapa? Na neno linalofuata ni juu ya wachungaji wa Israeli, maana yake watawala. Mashitaka ni yapi? Ni yale yale uliyoniandikia. Mnakula mafuta, mnavaa sufu, mnachinja walionona, kondoo hamwalishi. Tazama, Ezekieli hasemi kwamba kula kondoo ni kazi ya kawaida ya mchungaji. Anasema ndiyo jinai yenyewe.

Kisha anahesabu waliyoacha kuyafanya: walio dhaifu hawakutiwa nguvu, wagonjwa hawakutibiwa, waliovunjika hawakufungwa, waliofukuzwa hawakurudishwa, waliopotea hawakutafutwa. Matano. Mungu anasema atawadai kondoo wake mikononi mwa wachungaji hao na kuwaachisha kazi. Na badala ya kuajiri wengine anasema, mimi mwenyewe. Katika mstari wa 16 anayafanya yaleyale, lakini anaanzia mwisho wa orodha: aliyepotea kwanza, kisha aliyefukuzwa, kisha aliyevunjika, kisha mgonjwa. Mfugaji wa mnadani haanzii hapo. Huanza na mnene, maana ndiye mwenye bei. Huyu anaanza na yule ambaye dalali asingemtazama mara mbili.

Na wale wanene? Hapa kuna jambo la wataalamu ambalo nitalipitia haraka. Maandishi ya Kiebrania tuliyonayo yasema mnene na mwenye nguvu "nitamharibu". Tafsiri ya kale ya Kiyunani inasema "nitamlinda". Tofauti inatoka kwenye herufi mbili za Kiebrania zinazofanana kama mapacha, dalethi na reshi, ambazo mwandishi mwenye macho mazito huzichanganya. Mimi nabaki na Kiebrania, kwa sababu ya mistari inayofuata. Kuanzia mstari wa 17 Mungu anawageukia kondoo wenyewe: ninyi mnaokula malisho mazuri kisha mnayakanyaga yaliyobaki, mnaokunywa maji safi kisha mnayavuruga kwa miguu, mnaowasukuma wadhaifu kwa ubavu na bega na kuwapiga kwa pembe. Wewe umeliona hilo lamboni wakati wa kiangazi, huhitaji mhubiri. Wanene hawa hawakunona kwa majani tu. Walinona kwa kuwanyima wenzao, na hukumu yao haitokani na bei yao.

Sura inaisha kwa mstari wa 31, na ni mstari wa ajabu. Baada ya kondoo, malisho, mbuzi na mabeberu, Mungu anasema: ninyi, kondoo wa malisho yangu, ni wanadamu, nami ni Mungu wenu. Nabii anaukata mfano wake kwa mkono wake mwenyewe. Ni kana kwamba alijua siku moja mtu wa Handeni ataufikisha mpaka buchani.

Lakini katika Pwani yetu hii mfano huo ulifikishwa huko kweli, na si kwa maneno. Pangani na Bagamoyo zilikuwa miisho ya njia za misafara. Watu waliswagwa kutoka bara kama mnavyoswaga ng'ombe kwenda mnadani, wakahesabiwa, wakauzwa. Mapadre wa Roho Mtakatifu walipofungua misheni Bagamoyo mwaka 1868, kazi yao ya mwanzo ilikuwa kuwakomboa watumwa na kuwapa makazi katika kijiji chao. Nikienda Bagamoyo nikapita kwenye makaburi ya zamani ya misheni ile, swali lako linanijia kwa sura nyingine: mtu aliyewahi kuwa kundi la mtu, tena akatiwa bei, unamwambiaje kwamba anaye mchungaji?

Zekaria 11 inalijua swali hilo. Nabii anaambiwa alilishe kundi la kuchinjwa. Wanunuzi wanachinja wala hawajioni wana hatia; wauzaji wanasema, ahimidiwe Bwana, maana nimetajirika; na wachungaji wao wenyewe hawawahurumii. Angalia yule anayemshukuru Mungu kwa faida ya mnada. Kisha mchungaji anaomba ujira wake apimiwe, nao wanampimia vipande 30 vya fedha. Katika Kutoka 21:32 hiyo ndiyo fidia ya mtumwa aliyeuawa na ng'ombe wa mtu. Yaani mchungaji mwenyewe katiwa bei ya mtumwa. Mathayo analichukua hilo moja kwa moja anaposimulia Yuda alipewa kiasi gani.

Hivyo tunafika Yohana 10. Yesu anasema, "Mwivi haji ila aibe na kuchinja na kuharibu; mimi nalikuja ili wawe na uzima, kisha wawe nao tele." Kuchinja hapo kunamhusu mwizi. Halafu: "Mimi ndimi mchungaji mwema. Mchungaji mwema huutoa uhai wake kwa ajili ya kondoo." Anamtaja na mtu wa mshahara, ambaye kondoo si mali yake, na akiona mbwa-mwitu anakimbia. Mhubiri mmoja aliwahi kuniambia kwamba hapo Yesu anawatukana vijana wa kuchunga. Sivyo. Anasema tu ukweli ambao kila mfugaji anaujua: kijana wa watu hafi kwa ajili ya mbuzi wako, wala humlaumu. Ndiyo maana maneno ya Yesu yalikuwa ya kushangaza. Mchungaji akifa, kundi limekwisha. Kwa hesabu ya kifugaji ni upumbavu. Nguvu ya maneno hayo imo katika mstari wa 17 na 18, ambako anasema anautoa uhai ili autwae tena.

Kuna jambo dogo la Yohana 10:4 ambalo nalipenda. Mchungaji huyo huwatangulia kondoo, nao humfuata kwa kuwa waijua sauti yake. Ninyi mnaswaga, mtu yuko nyuma na fimbo, mnyama yuko mbele na hajui aendako. Huyu yuko mbele. Kama kuna lambo lenye mamba, yeye ndiye wa kwanza kufika. Na bado kuna kinachokuja nyuma: Zaburi ya 23 inamalizia kwa wema na fadhili "zitanifuata", na kitenzi cha Kiebrania hapo, *radaf*, ni cha kukimbiza. Ndicho kinachotumika Farao alipowafukuzia Israeli baharini. Kumbe tunaswagwa pia, ila na wema.

Kuhusu "sitapungukiwa na kitu", hukuuliza, lakini najua umelifikiria wakati wa ukame. Nitasema kifupi. Kitenzi hicho ndicho kilicho katika Kumbukumbu la Torati 2:7, Musa anapowaambia Israeli kwamba miaka 40 jangwani hawakupungukiwa kitu. Walikuwa na mana, maji, na viatu visivyochakaa. Hawakuwa na shamba wala nyumba. Anayekuhubiria gari kwa mstari huo anaongeza la kwake.

Na lile "gongo lako na fimbo yako vyanifariji", ambalo vijana wa kipaimara hulicheka kila mwaka kwa sababu wanalolijua ni gongo la chupani: ni rungu tu, silaha ya kiunoni. Fimbo ni ya kuegemea na kuongozea. Na kulikuwa na desturi ya kuwapitisha kondoo chini ya fimbo wakihesabiwa mmoja mmoja. Mambo ya Walawi 27:32 inaitaja kwa habari ya zaka, na Ezekieli 20:37 inasema Mungu atawapitisha watu wake vivyo hivyo. Anayefarijika kwa fimbo ni yule anayejua jioni atahesabiwa, na akikosekana mtu atauliza.

Sasa lile nililolitunza, kisu cha Pasaka. Neno la Kiyunani ambalo Yohana 10:10 inalitumia kwa mwizi anayechinja, Paulo analitumia katika 1 Wakorintho 5:7: Pasaka wetu amekwisha kuchinjwa, yaani Kristo. Agano Jipya halisemi kwamba kisu hakikuwepo. Linasema kilimwangukia nani. Katika Ufunuo 5 Yohana anaambiwa amtazame Simba, anageuka anaona Mwana-Kondoo amesimama kana kwamba amechinjwa. Na katika Ufunuo 7:17 huyo "Mwana-Kondoo, aliye katikati ya kiti cha enzi, atawachunga, naye atawaongoza kwenye chemchemi za maji yenye uhai". Soma polepole: kondoo ndiye anayechunga. Zizi lile halina mtu anayesimama nje ya kundi akipiga hesabu ya nyama.

Uliniandikia kwamba waendao mnadani harudi hata mmoja zizini. Fungua Waebrania 13:20, uone mwandishi anavyomtaja Mungu: ni yule aliyemleta tena kutoka kwa wafu Mchungaji Mkuu wa kondoo. Huyo alikwenda, akatiwa bei, akachinjwa, na karudi.